Kasulu na Kibondo: Miji Iliyojengwa kwa Kuhamishwa

Ndugu zetu wa Kasulu na Kibondo, mlio nyumbani na mlio mbali,

Kila mwenzetu anayerudi nyumbani baada ya miaka mitano au sita husema neno lile lile: mji umekuwa mkubwa. Migomba iliyokuwa ikitenganisha mji na vijiji vya jirani imepisha nyumba za bati, na mahali tulipozoea kusema "sasa tumetoka mjini" hapaonekani tena. Wengine hufurahi, wengine husikitika, na wengine huuliza bei ya kiwanja kabla hawajasalimia wazee.

Mwaka huu tumeona kurasa za historia za kijarida hiki zieleze miji hii ilipataje umbo lake. Umbo hilo si la kawaida. Miji mingi hukua kwa sababu watu wameifuata: kuna bandari, kuna mgodi, kuna reli, basi watu wanakuja. Kwetu, mara nyingi, watu walipelekwa. Walihamishwa na serikali ya mkoloni, wakahamishwa tena na serikali yetu wenyewe, kisha wakaja wengine waliokimbia vita na kuwekwa makambini katika ardhi yetu. Kila mara waliohamishwa walisogezwa karibu na barabara, na kila mara aliyepanga alidhani kazi imekwisha. Mji tunaouona leo ni nafasi zilizobaki kati ya mipango hiyo, ambazo sasa zinajaa.

Zamani Buha haikuwa na miji. Ilikuwa na watu wengi, ilikuwa na tawala zenye heshima, Heru, Muhambwe na Buyungu zikiwa miongoni mwazo, lakini watu waliishi kila familia na urugo wake, katikati ya migomba yake, juu ya mgongo wa mlima au ubavuni. Jirani alikuwa umbali wa kuita na kuitikiwa. Hata makao ya mwami hayakuwa mji kwa maana ya leo. Hilo halikupunguza nguvu ya nchi. Mwaka 1871 Stanley alipokuwa akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone, alipita katika ardhi ya Waha akatozwa hongo ya vitambaa na mtawala mmoja baada ya mwingine, hadi akaamua kutoroka usiku na msafara wake kupitia porini ili asitozwe tena. Mji wa biashara ulikuwa Ujiji, kule chini ziwani, na reli ilipofika Kigoma mwaka 1914 ilizidi kuvuta biashara upande huo. Sisi wa milimani tulibaki na chumvi ya Uvinza, ng'ombe, maharage na njia za miguu.

Mabadiliko ya kwanza yaliletwa na boma. Baada ya Wajerumani walikuja Wabelgiji, walioshika eneo la Kigoma tangu 1916 hadi 1921, kisha Waingereza. Boma lilihitaji mahakama, lumande, ghala la kodi, zahanati na maduka mawili matatu, na hivyo ndivyo Kasulu na Kibondo zilivyoanza kuitwa miji. Misheni nazo zilifanya kazi kama hiyo mahali pengine. Kabanga, yenye hospitali na chuo cha ualimu, ilianza kuvuta watu kwa shule na dawa, wala si kwa soko. Hata hivyo Mha wa wakati huo alikwenda bomani kwa shida na kurudi kwake siku hiyo hiyo akiweza. Mtu wa kawaida hakuona sababu ya kuishi mjini.

Sababu ya kuhama ilikuja na mbung'o. Ugonjwa wa malale ulienea katika nyanda za miombo, upande wa mabonde ya Malagarasi na Muyovosi, na kuanzia mwaka 1933 serikali ya Waingereza ilianza kuwakusanya watu katika makazi maalumu. Hoja ya wataalamu ilikuwa rahisi. Mbung'o anapenda kivuli cha vichaka. Watu wengi wakikaa pamoja na kulima mfululizo, vichaka vinaisha na mbung'o anaondoka. Kwa hiyo mtu aliyekuwa akiishi na nduguze watatu katika pori la mababu aliambiwa ahame, akaonyeshwa kipande cha ardhi miongoni mwa watu asiowajua, karibu na njia ambayo daktari na mkusanya kodi waliweza kupita kwa gari.

Tusiseme kwamba mpango ule ulikuwa ubaya mtupu. Malale yaliua, na makazi yale yaliokoa maisha. Lakini yaliacha mambo mawili ambayo bado tunaishi nayo. La kwanza, maeneo makubwa ya mashariki yaliyokuwa na mahame ya watu yalibaki pori, na sehemu kubwa ya pori hilo baadaye ikawa hifadhi ya wanyama. Wajukuu wa waliotoka huko leo hawawezi kurudi kulima. La pili, serikali ilijifunza kwamba Waha wanaweza kuhamishwa. Somo hilo halikusahaulika baada ya uhuru.

Katikati ya hayo yapo maisha ya manamba. Kwa miongo kadhaa Kasulu na Kibondo zilihesabiwa kama ghala la nguvukazi, na vijana wetu waliandikishwa kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Wengi wa wanaosoma kijarida hiki wakiwa Tanga, Morogoro au Dar es Salaam ni watoto au wajukuu wa safari zile. Tunayataja kwa sababu miji ya pwani ilijengwa pia kwa mikono iliyotoka kwetu, wakati ambapo kwetu hapakujengwa kitu.

Kisha ikaja Operesheni Kigoma. Mikoa mingi ya Tanzania inakumbuka 1974 na 1975, baada ya Mwalimu Nyerere kutangaza Novemba 1973 kwamba kuishi vijijini ni amri na kwamba ifikapo mwisho wa 1976 kila mtu wa mashambani awe ndani ya kijiji. Mkoa wetu ulitangulia. Operesheni ya kwetu ilianza 1972, ikiwa miongoni mwa za mwanzo nchini, baada ya Rufiji na Dodoma. Maofisa walipima mistari, wakagawa viwanja, na familia zikaletwa kutoka milimani na mabondeni. Nyumba zilipangwa safu kando ya barabara, mlango ukitazama barabara, shamba likiwa nyuma au mbali kabisa.

Anayetaka kuelewa kwa nini vijiji vyetu ni virefu na vyembamba aanzie hapo. Kijiji cha ujamaa kilifuata barabara kwa sababu lori la serikali, mahindi ya msaada, shule na bomba la maji vyote vilifuata barabara. Mzee aliyekuwa na migomba ya miaka thelathini alipewa eneo lisilo na mgomba hata mmoja. Migomba, kama tunavyojua, si mali ya kubeba kichwani. Inarithiwa na udongo wake, na mbolea ya ng'ombe iliyowekwa miaka na miaka. Wazee wetu wanaposimulia uhamisho, hawaanzi na nyumba. Wanaanza na migomba.

Wengine walirudi kimyakimya milimani baada ya miaka michache, hasa kwenye nchi ya juu yenye mvua na kahawa upande wa Manyovu. Wengi walibaki. Shule ilikuwa pale, zahanati ilikuwa pale, watoto walikwisha zoea. Na kwa kuwa vijiji vilipangwa kando ya barabara moja, umbali kati ya mwisho wa kimoja na mwanzo wa kingine ulikuwa mdogo. Watoto walipooa wakajenga kwenye mwanya. Wajukuu nao wakajenga. Mkoa mzima wa Kigoma ulikuwa na watu wasiofika 500,000 katika sensa ya 1967. Sensa ya 2022 ilihesabu 2,470,967. Hao wote walihitaji mahali pa kuweka nyumba, na mahali palipokuwa na shule na gari ni kando ya barabara. Hakuna afisa mipango miji aliyechora mji mrefu namna ile. Ulijichora wenyewe juu ya mstari wa 1972.

Tukifika hapo tunakutana na wageni. Warundi walikuja kwa wingi mwaka 1972, na wengi wao wakapelekwa mbali, katika makazi ya Ulyankulu na Katumba, baadaye Mishamo. Mwaka 1993, baada ya Rais Ndadaye kuuawa, na katika miaka iliyofuata, walikuja tena, na safari hii walikaa kwetu: Mtabila na Muyovosi upande wa Kasulu, Kanembwa, Mtendeli, Nduta na Karago upande wa Kibondo ya wakati ule. Nyarugusu ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita vya Kivu. Ilipofika 2015 na Burundi ikachafuka tena, Nyarugusu peke yake ilifikisha zaidi ya watu 150,000 kabla ya Nduta na Mtendeli kufunguliwa upya kuipunguzia mzigo.

Fikirieni hesabu hiyo. Katika sensa ya 2012 Manispaa nzima ya Kigoma Ujiji, yenye bandari, reli na historia ya karne mbili, ilikuwa na watu 215,458. Kambi moja katika misitu ya Kasulu ilikuwa inaikaribia. Tena kambi ilikuwa na kitu ambacho miji yetu haikuwa nacho: ramani. Ilikuwa na kanda, ndani ya kanda vijiji, ndani ya vijiji njia zilizonyooka, mabomba ya maji kwa mpangilio, hospitali, shule, na eneo la makaburi lililotengwa tangu mwanzo. Mtu angeweza kuelekeza nyumba kwa namba. Wakati huo huo Kasulu mjini ukitaka kumwelekeza mgeni ulisema, "Ukifika kwenye mwembe, uliza."

Kambi haikubaki ndani ya uzio wake. Kati ya sensa ya 1988 na ya 2002 idadi ya watu mkoani Kigoma ilikua kwa asilimia 4.8 kwa mwaka, kasi kubwa kuliko hata ya Dar es Salaam iliyokuwa asilimia 4.3, na wakimbizi walikuwa sehemu kubwa ya sababu. Mashirika yalihitaji ofisi, maghala, madereva, walinzi, wapishi na nyumba za kupanga. Kibondo, mji mdogo uliokuwa ukilala saa mbili usiku, ukapata nyumba za wageni, hoteli na magari meupe yenye antena ndefu. Makere, iliyo kwenye njia ya Nyarugusu, ikawa soko. Wakulima wetu waliuza maharage na ndizi, wakanunua mafuta ya kula na unga uliotoka kwenye mgao. Wapo waliojenga nyumba zao za kwanza za matofali ya kuchoma kwa fedha hizo, na wapo waliopoteza msitu wa kuni na chemchemi iliyokuwa ndani yake. Mara nyingi ni familia ile ile.

Halafu kambi zilifungwa. Mtabila ilifungwa 2012, na sasa ni kambi ya JKT. Mtendeli ilifungwa 2021. Masoko ya pamoja kati ya wenyeji na wakimbizi nayo yalifungwa. Nyumba za kupanga zikakosa wapangaji, vijana waliokuwa walinzi wakanunua bodaboda. Lakini mji haukurudi nyuma kwenye ukubwa wake wa zamani. Waliokwisha toka kijijini hawakurudi. Waliuza genge, wakafungua duka la dawa, wakagawa kiwanja cha urithi na kuuza nusu. Hilo ndilo jambo ambalo wageni wengi hawalitambui kuhusu Kibondo. Wanadhani ni mji wa wakimbizi ambao utakwisha wakimbizi wakiondoka. Waliojenga pale ni Waha.

Sasa tuje kwenye jambo lililotufanya tuandike makala hii.

Mwaka 2012 ramani yetu ilichorwa upya. Kasulu ilitoa wilaya ya Buhigwe, Kibondo ikatoa Kakonko. Na Kasulu yenyewe ikahesabiwa katika sensa ya mwaka huo ikiwa na Halmashauri ya Mji yake yenye watu 208,244, karibu sawa na Kigoma Ujiji. Tulishangilia, na tulikuwa na sababu. Lakini mtu akizunguka kata za mji huo ataona kwamba sehemu kubwa bado ni mashamba: mihogo, maharage, migomba, na ng'ombe wakivuka barabara. Heru Juu, makao ya ukoo wa mwami wa Heru ambao kiti chake kilikaliwa na Mwami Theresa Ntare tangu miaka ya 1940, leo ni kata ya mji. Mstari wa mji umezunguka vijiji vilivyopangwa kando ya barabara na nyanda zilizo katikati yake, na kuviita vyote mji kwa siku moja.

Mstari huo si rangi tu kwenye ramani. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji, na mkutano mkuu wa kijiji ndio unaoridhia ardhi igawiwe nani na ya pamoja ibaki ipi. Kijiji kikifutwa na kugeuka mitaa, mamlaka hayo hayahamii mtaani. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kuwa mtu yule yule, kwenye kiti kile kile, chini ya mti ule ule, lakini hana tena uwezo wa kisheria wa kugawa ardhi. Ardhi inaingia chini ya sheria nyingine na mipango ya mji. Watu wetu wengi hawajaelezwa tofauti hii. Wanaendelea kuuziana kwa karatasi yenye muhuri, na karatasi inaonekana sawa na ile ya zamani.

Wenzetu wa Dar es Salaam hawana haja ya kuambiwa mwisho wa mambo hayo. Goba, Chanika na Bunju zilikuwa mashamba. Watu walinunua robo ekari, wengine wakakata nusu ya robo, nyumba zikafika kabla ya barabara, na leo gari la zimamoto halipiti. Serikali ilianzisha mradi wa viwanja 20,000 mwaka 2002 ili kuwahi, na ilipowahi mitaa yake inaonekana hadi leo kwa unyoofu wake. Ilipochelewa, shule ya msingi inajengwa ghorofa kwa sababu hakuna pa kuongeza darasa, na maiti anasafirishwa kilomita nyingi kwa sababu hakuna pa kuzika. Jiji lile lina watu zaidi ya milioni tano na fedha za kurekebisha baadhi ya makosa yake. Halmashauri zetu hazina.

Na sasa lami imefika. Kipande cha Kidahwe hadi Kasulu, na ile barabara ya kilomita 260 hivi kutoka Kabingo kupitia Kibondo na Kasulu hadi Manyovu, vimeifungua nchi yetu upande wa Nyakanazi, Kigoma na Burundi. Umeme wa gridi ya taifa ulifika Kasulu 2022 na majenereta yakazimwa. Sisi tuliozoea siku mbili za vumbi na tope tunajua thamani ya vitu hivi, na hatutaki mtu atuambie kwamba tulikuwa bora bila lami.

Ila barabara ina sheria yake. Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Aliyejenga kihalali kati ya mita hizo mbili kabla ya sheria huwekewa X ya kijani, maana yake atalipwa fidia akitakiwa kuondoka. X nyekundu haina fidia. Sasa rudini kwenye Operesheni ya 1972. Nani aliwaweka babu zetu kando ya barabara, milango ikitazama njia? Serikali iliwapanga pale, na serikali imepanua hifadhi ikawakuta pale. Wakazi wa Kimara hadi Kiluvya, kwenye Barabara ya Morogoro, walivunjiwa nyumba mwaka 2017 na wengi walikuwa wameishi humo miaka mingi. Kwetu wengi wa walio ndani ya mita 30 hawakuchagua wenyewe kukaa hapo, na hoja hiyo inastahili kusemwa mbele ya wathamini kwa vielelezo, si kwa malalamiko ya kahawani.

Kwa hiyo chama kimeamua kwamba michango ya mwaka huu iende kwenye jambo lisilopendeza kwenye picha: upimaji na hati za maeneo ya umma katika vijiji vyetu vilivyoingia mjini na vile vilivyo njiani kuingia. Viwanja vya shule, zahanati, masoko, chemchemi na makaburi. Shule nyingi za enzi ya ujamaa zilipewa ardhi kwa neno la mkutano wa kijiji, bila mawe ya mipaka, na mashuhuda wa neno lile wanazidi kupungua. Kila mwaka uzio wa jirani unasogea hatua mbili. Tulijadili pia kujenga darasa jingine, na wapo wanachama waliolipendelea. Tuliona kwamba darasa linaweza kujengwa mwaka wowote, lakini uwanja ukishauzwa viwanja kumi na viwili haurudi.

Tunawaomba mambo mawili zaidi yasiyo ya fedha. Mwenye karatasi yoyote ya zamani kuhusu ardhi ya kijiji, iwe muhtasari wa mkutano, orodha ya kaya za Operesheni au ramani ya mkono, atupatie nakala. Wapima ardhi wanazihitaji. Na mwenye mpango wa kujenga kando ya barabara kuu aende kwanza ofisi ya TANROADS apimiwe mita zake kutoka katikati ya barabara, kabla hajafyatua tofali la kwanza. Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho. Mweka hazina atapokea pia ahadi za mifuko ya saruji, kwa ajili ya mawe ya mipaka.